Mazoezi ya nguvu baada ya saratani ya matiti: mwongozo kamili wa kupunguza uchovu na kuurudishia mwili uwezo wake

Mwanamke aliyemaliza matibabu ya saratani ya matiti huambiwa mambo mawili na karibu kila anayempenda: apumzike, na asinyanyue kitu chochote kwa mkono wa upande uliopasuliwa. Mashauri yote mawili hutolewa kwa nia njema, na yana nafasi yake katika majuma ya kwanza baada ya upasuaji. Yakifuatwa kwa miezi mingi, hata hivyo, yanamdhoofisha yule yaliyekusudiwa kumlinda. Mwongozo huu unaeleza namna ya kufanya kinyume chake kwa usalama, yaani kuanza na uzito mdogo sana, kuuongeza polepole, na kuuangalia mwili unavyojibu. Umeandikwa kwa ajili ya mtu atakayefanyia mazoezi nyumbani kwa vyombo vya kawaida, ingawa hakuna kinachozuia hatua hizi kufuatwa katika ukumbi wa mazoezi wenye vyuma. Wanaume nao hupata saratani ya matiti, ingawa ni wachache, na maelezo haya yanawahusu vilevile.

Kwa nini kupumzika hakuumalizi uchovu huu

Uchovu unaofuatana na saratani hauishi kwa kulala. Mtu huamka amechoka, hufua nguo mbili akalazimika kuketi, na hali hiyo inaweza kuendelea kwa miezi, wakati mwingine miaka, baada ya dawa ya mwisho. Sababu zake ni nyingi: dawa zenyewe, mionzi, usingizi uliovurugika, wasiwasi, upungufu wa damu na lishe duni. Iko sababu moja, hata hivyo, ambayo mgonjwa anaweza kuishughulikia kwa mikono yake mwenyewe, nayo ni misuli iliyosinyaa.

Tuchukulie kwamba miguu yako ilikuwa na uwezo wa kusukuma kilo 100, na kwamba kuinuka kwenye kigoda kunadai kilo 40. Ulikuwa ukitumia chini ya nusu ya nguvu zako. Baada ya miezi ya kulala kitandani uwezo ukishuka hadi kilo 50, kigoda kilekile sasa kinadai sehemu nne kati ya tano za nguvu zote ulizo nazo, na utakiinukia mara kadhaa kabla ya saa sita mchana. Mwili unaofanya kila kazi karibu na ukomo wake hauna budi kuchoka mapema. Kisha uchovu huo humfanya mtu apumzike zaidi, misuli ikapungua tena, na kesho yake kigoda kikawa kizito kuliko jana. Mazoezi ya nguvu huukata mzunguko huo kwa kuupandisha ukomo wenyewe. Kutembea kunasaidia sana, na sitaki mtu yeyote aache kutembea, lakini kutembea peke yake hakumrudishii mtu nguvu za kuinua dumu.

Jambo hili limepimwa. Katika utafiti mmoja uliofanyika Heidelberg, Ujerumani, na kuchapishwa mwaka 2014, wanawake 160 waliokuwa wakipigwa mionzi waligawanywa katika makundi mawili: moja lilifanya mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki kwa wiki 12, na jingine lilikutana mara zilezile kufundishwa namna ya kulegeza misuli. Mpango huo ulikuwa wa busara, kwa kuwa mtu angeweza kusema kwamba kilichowasaidia wanawake ni kukutana na wenzao tu. Makundi yote mawili yalikutana, lakini lililonyanyua uzito ndilo lililopata nafuu kubwa zaidi, hasa katika uchovu wa mwili. Mwaka 2019 jopo la wataalamu wa kimataifa lililoitishwa na Chuo cha Tiba ya Michezo cha Marekani lilipendekeza kwa ajili ya uchovu mazoezi ya nguvu mara 2 kwa wiki, seti 2 za marudio 12 hadi 15 kwa kila zoezi (seti ni marudio yanayofanywa mfululizo kabla ya kupumzika), kwa angalau wiki 12. Kipimo hicho ndicho msingi wa mpango ulioelezwa hapa.

Hofu ya mkono kuvimba

Hofu hii inastahili kujibiwa kwa ukamilifu, kwa sababu ndiyo inayowazuia wengi. Tezi za kwapani zinapoondolewa au kupigwa mionzi, njia za maji ya limfu hupungua, na mkono unaweza kuvimba wiki, miezi au hata miaka baadaye. Kwa muda mrefu madaktari waliamini kwamba kunyanyua vitu vizito huleta uvimbe huo au kuuzidisha, wakawakataza wagonjwa moja kwa moja.

Mwaka 1996 Don McKenzie, daktari wa tiba ya michezo wa Chuo Kikuu cha British Columbia mjini Vancouver, Kanada, aliwachukua wanawake 24 waliowahi kuugua saratani ya matiti, akawafunza, kisha akawapandisha katika mtumbwi mrefu wa mashindano unaoendeshwa kwa makasia. Msimu ulipokwisha hakuna aliyekuwa amepata uvimbe mpya. Lile lilikuwa jaribio dogo. Ushahidi wenye uzito zaidi ulitoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ambako Kathryn Schmitz na wenzake waliwafuatilia kwa mwaka mzima wanawake 141 waliokuwa tayari na mkono uliovimba. Waliobeba vyuma mara mbili kwa wiki hawakuvimba kuliko wenzao ambao hawakubeba. Zaidi ya hapo, waliopatwa na kuzidiwa kwa uvimbe walikuwa asilimia 14, ilhali upande wa pili walikuwa asilimia 29. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2009. Mwaka uliofuata yalitoka ya wanawake 154 ambao hawakuwa na uvimbe lakini walikuwa katika hatari ya kuupata: uvimbe uliwapata asilimia 11 ya waliobeba vyuma na asilimia 17 ya wasiobeba. Kwa walioondolewa tezi tano au zaidi tofauti ilikuwa kubwa zaidi, asilimia 7 kwa 22.

Takwimu hizo zisisomwe kama ruhusa ya kukurupuka. Wanawake wale walianza na uzito wa karibu nusu kilo, walisimamiwa na walimu kwa wiki 13 za kwanza, waliongeza kidogo kidogo, na wenye uvimbe walivaa soksi ya kubana mkono kila walipofanya mazoezi. Kilichowalinda ni ule utaratibu. Katika nyumba nyingi za kwetu mkono utadaiwa kazi hata kama daktari amekataza, kwa kuwa maji yatatekwa, mtoto atabebwa, na gunia la mkaa litasogezwa. Ndoo ya lita 20 ikijaa ina kilo 20, na haimwongezei mtu uzito kidogo kidogo. Ni afadhali mkono uandaliwe kwa hatua ndogo kuliko kukutana na ndoo hiyo ghafla baada ya mwaka mzima wa kutofanya lolote.

Hatua ya kwanza: ongea na kliniki yako

Kabla ya kuanza, mwambie daktari anayekutibu kwamba unakusudia kufanya mazoezi ya nguvu, na umwulize maswali haya waziwazi: je, saratani imefika kwenye mifupa? Kiwango cha damu yangu ni kipi? Je, nimepewa dawa inayoweza kudhuru moyo? Je, kidonda changu kimepona kiasi cha kubeba uzito? Doxorubicin na trastuzumab ni miongoni mwa dawa zinazoweza kuudhoofisha moyo, na aliyezitumia akiona pumzi zinambana anapolala chali au miguu yote miwili ikivimba, apimwe moyo kwanza. Paclitaxel, dawa nyingine ya saratani, huacha ganzi kwenye vidole na nyayo. Letrozole na anastrozole, vidonge vya kupunguza homoni, hupunguza uimara wa mifupa na kuleta maumivu ya viungo. Mwenye maumivu hayo asidhani kwamba mazoezi hayamfai: katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale uliochapishwa mwaka 2015, wanawake waliokuwa na maumivu hayo walifanya mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki pamoja na kutembea, na maumivu yakapungua kwa karibu asilimia 30 katika mwaka mmoja.

Omba pia uchovu wako uchunguzwe. Upungufu wa damu, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, malaria, minyoo, sonona na maumivu yasiyotibiwa huchosha mwili kwa namna ambayo mazoezi hayawezi kuiondoa mpaka chanzo kitibiwe. Ukiweza, omba rufaa ya mtaalamu wa tiba ya viungo, hata kwa siku moja tu ya kuonyeshwa mkao sahihi. Hospitali kubwa za rufaa kama Muhimbili, KCMC ya Moshi na Kenyatta ya Nairobi zina vitengo hivyo, lakini mara nyingi mgonjwa wa saratani hapelekwi huko asipoomba mwenyewe.

Hatua ya pili: subiri wakati wake, lakini usikae bure

Baada ya upasuaji, viganja na viwiko huanza kusogezwa tangu siku za mwanzo. Kunja na kunjua ngumi, kunja kiwiko, zungusha mabega taratibu, na usiupandishe mkono kuvuka usawa wa bega mpaka mrija wa kutoa maji uondolewe au daktari akuruhusu. Baada ya hapo fanya kila siku zoezi la kupandisha vidole ukutani: simama ukiutazama ukuta, vidole vipande kama buibui mpaka unapohisi ngozi inavutika, shikilia kwa muda mfupi, kisha vishuke. Uzito kwenye mkono husubiri kwa kawaida wiki 4 hadi 6, na zaidi kama titi lilitengenezwa upya kwa nyama ya tumboni au mgongoni, ambapo ni daktari wa upasuaji anayepanga tarehe. Miguu haina haja ya kusubiri muda huo wote. Mradi umeruhusiwa, kuinuka kwenye kiti na kutembea huanza mapema.

Wengine huona nyuzi ngumu zimejitokeza chini ya ngozi kutoka kwapani kuelekea kwenye kiwiko, zikivuta mkono kila wanapounyoosha. Zinatisha kuziangalia, lakini si saratani iliyorudi, na kwa wengi hulegea kwa kuunyoosha mkono kila siku katika wiki au miezi michache. Ukiwa nazo, mwonyeshe mtaalamu, halafu uendelee kunyoosha badala ya kuuficha mkono ndani ya khanga.

Hatua ya tatu: vifaa na vipimo vya kuanzia

Lita moja ya maji ina kilo moja. Kwa hiyo chupa ya nusu lita ni nusu kilo, chupa ya lita moja na nusu ni kilo moja na nusu, na dumu la lita 5 unaweza kulijaza kwa kiwango chochote unachotaka, jambo ambalo vyuma vya dukani haviwezi. Ongeza kiti imara kisicho na magurudumu kilichoegemezwa ukutani, mkeka, ngazi moja au tofali pana lisiloyumba, na tyubu kuukuu ya baiskeli iliyokatwa na kuoshwa, ambayo hufanya kazi ya mpira wa kuvuta. Vaa viatu vilivyofungwa ikiwa nyayo zina ganzi.

Kabla ya zoezi la kwanza andika katika daftari mambo manne. Kwanza, kiwango cha uchovu wako kwa wiki nzima kati ya 0 na 10. Pili, idadi ya mara unazoweza kuinuka kikamilifu kwenye kiti ndani ya sekunde 30, mikono ikiwa imepishanishwa kifuani. Kwa mwanamke wa miaka 60 hadi 64, chini ya mara 12 huhesabiwa kuwa ni pungufu, na aliye kijana anatarajiwa kufanya zaidi. Tatu, kazi moja ya nyumbani inayokushinda, iandikwe kwa usahihi, kwa mfano «kupanda ngazi hadi ghorofa ya pili bila kusimama». Nne, mzingo wa mikono yote miwili kwa kutumia futi ya fundi cherehani: kwenye kifundo cha mkono, sentimita 10 chini ya kiwiko, na sentimita 10 juu yake. Mkono unaotumiwa zaidi huwa mnene kidogo kwa asili, na ndiyo sababu vipimo vya mwanzo vinahitajika.

Hatua ya nne: mazoezi yenyewe

Fanya mara mbili kwa wiki, ukiacha angalau siku moja katikati; Jumatatu na Alhamisi hufaa. Pwani na mahali pengine penye joto, fanya asubuhi na mapema au jioni. Anza kwa kutembea au kupiga hatua papo hapo kwa dakika 5 hadi 10, kisha zungusha mabega. Pumua ukitoa hewa wakati wa kunyanyua, usibane pumzi, na shusha uzito taratibu zaidi kuliko ulivyoupandisha. Kwa kila zoezi fanya marudio 12, pumzika dakika moja hadi mbili, ukarudia. Katika wiki mbili za kwanza seti moja inatosha.

*Kuinuka kwenye kiti.* Keti mbele ya kiti, miguu ikiwa na upana wa nyonga, inama kidogo, simama, kisha keti polepole bila kujiangusha. Asiyeweza kabisa aweke mto juu ya kiti ili kimo cha kiti kiongezeke na kuinuka kuwe rahisi. Anayefanya 15 bila shida akumbatie dumu lenye maji kifuani, au alishike kwa mkono ambao haukupasuliwa ikiwa kifua bado kinauma. Kama una muda wa zoezi moja tu, fanya hili.

*Kusukuma ukuta.* Simama hatua moja kutoka ukutani, viganja vikiwa usawa wa kifua, kunja viwiko mpaka uso ukaribie ukuta, kisha sukuma. Kovu litavutika, na kuvutika kwa kadiri ni sawa, lakini maumivu makali si sawa. Baada ya wiki kadhaa hamia kwenye meza nzito isiyoteleza, ambayo humfanya mtu abebe sehemu kubwa zaidi ya uzito wake.

*Kuvuta kwa nyuma.* Pitisha tyubu kwenye nguzo au nondo ya dirisha usawa wa kiwiko, shika ncha mbili, vuta viwiko nyuma huku ukikaza mabapa ya mabega yakaribiane. Waliokatwa titi wengi hukaa wamejikunyata ili kulinda kifua, mabega yakapinda mbele na shingo ikaanza kuuma. Zoezi hili ndilo linalorekebisha mkao huo.

*Daraja.* Lala chali mkekani, magoti yamekunjwa, nyanyua makalio mpaka mwili uwe mstari kutoka mabegani hadi magotini, kisha shuka.

*Kupanda kipandio.* Panda kwa mguu mmoja, shuka kwa uleule, ukishika ukuta, halafu ubadilishe. Wenye ganzi ya nyayo wasiache ukuta hata siku wanapojisikia vizuri.

*Kukunja kiwiko na kusukuma juu.* Shika chupa ya nusu lita kila mkono, kunja viwiko kuzileta mabegani. Kuzisukuma juu ya kichwa kusubiri mpaka mkono uweze kupanda wote bila uzito, na kwa wengi hilo huchukua wiki za ziada.

*Kunyanyua kutoka chini na kutembea na mzigo.* Dumu likiwa kati ya miguu yako, sukuma makalio nyuma, kunja magoti, mgongo unyooke, lishike kwa mikono miwili na usimame nalo. Ukilimudu hilo, chukua madumu mawili yenye uzito sawa, moja kila mkono, utembee hatua 20 ukirudi. Anza na lita 2 katika kila dumu. Mzigo ulio sawa pande zote mbili humsaidia mtu kutojipinda, na mazoezi haya mawili ndiyo yanayofanana zaidi na kazi anazorudia.

Kipindi chote hakizidi dakika 45. Unapomaliza unatakiwa uhisi kwamba ungeweza kufanya marudio mawili au matatu zaidi katika kila seti. Uchovu ukidumu hadi kesho yake jioni, ulizidisha, na kipindi kijacho punguza seti moja. Maumivu ya misuli ya siku moja au mbili ni ya kawaida.

Hatua ya tano: kuongeza uzito

Kanuni ni moja, na ifuatwe hata kama inachosha kwa upole wake. Ukifikisha seti 2 za marudio 15 katika vipindi viwili mfululizo, na mkono haujaonyesha dalili yoyote, ongeza kiasi kidogo kabisa. Kwa mkono wa upande uliotibiwa ni nusu lita ya maji au pungufu. Kwa miguu inaweza kuwa lita moja hadi mbili. Ukiongeza uzito, rudi kwenye marudio 10 au 12 upande tena. Usiongeze zoezi jipya na uzito mpya siku moja, kwa kuwa mkono ukilalamika hutajua umelalamikia lipi. Miguu itaupita mkono mbali sana, na haipaswi kuusubiri. Hakuna uzito wa mwisho uliokatazwa. Wanawake wa Pennsylvania nao hawakuwekewa kikomo cha juu mradi dalili hazikujitokeza.

Kuhusu ndoo ya kichwani, sehemu ngumu si kutembea nayo bali ni kujitwisha. Kusukuma kilo 20 kutoka chini hadi juu ya kichwa ni kazi kubwa kuliko zoezi lolote lililotajwa hapo juu. Kwa hiyo kubali kutwishwa na kutuliwa kwa muda mrefu, anza na ndoo ya lita 5 kisha 10, na usione haya binti au wifi anapokusaidia. Upande mwingine, wakitaka kukunyang'anya kila kitu mkononi, waeleze kwamba kilo mbili ulizoshika ni sehemu ya matibabu.

Namna ya kuuangalia mkono

Pima mzingo mara moja kwa mwezi, saa ileile ya siku. Tofauti ikiongezeka kufikia sentimita 2 au zaidi mahali popote ukilinganisha na vipimo vya mwanzo, nenda kliniki. Usisubiri futi ikuambie kila kitu: mkono kuwa mzito, pete au bangili kubana, mkono wa gauni kukaza na ngozi kubaki na shimo ukibonyeza ni dalili za mapema. Zikitokea, acha mazoezi ya mkono huo, endelea na ya miguu, na umwone mtaalamu. Zikiisha, rudi na uzito mdogo kuliko ule ulioachia.

Aliyekwisha kuvimba avae soksi yake ya kubana wakati wa mazoezi, nayo iwe imepimwa na mtaalamu, kwa kuwa inayobana vibaya kwenye kifundo huweza kuharibu zaidi. Mkono mwekundu, wenye joto, unaouma, hasa pamoja na homa, ni maambukizi yanayohitaji dawa siku hiyohiyo. Vaa glavu ukilima au kuosha vyombo vyenye ncha kali, kwa sababu mkwaruzo mdogo ndio mlango wa maambukizi hayo.

Wakati dawa bado zinaendelea

Si lazima kusubiri matibabu yaishe. Nchini Kanada, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, wanawake 242 walifanya mazoezi wakiwa kwenye tibakemikali au walibaki na utaratibu wa kawaida, na walionyanyua uzito walifanikiwa zaidi kupokea dozi zao kama zilivyopangwa. Panga mazoezi kwa kufuata mzunguko wa dawa. Siku chache baada ya dripu ni za kichefuchefu na udhaifu, basi zitumie kwa matembezi mafupi ya uani. Siku zinazofuata nguvu hurudi kiasi, ingawa kinga inaweza kuwa chini, hivyo fanyia nyumbani badala ya ukumbi wenye watu wengi. Usifanye mazoezi ukiwa na homa ya nyuzi 38 au zaidi, ukitapika au kuharisha, ukiwa na kizunguzungu, ukivuja damu, au ukiambiwa damu imeshuka sana. Homa wakati wa tibakemikali ni sababu ya kukimbilia hospitali mara moja. Wanaopigwa mionzi waepuke tyubu au mkanda unaosugua ngozi iliyoungua.

Maumivu ya kifua au kuzimia husimamisha kila kitu mpaka uonane na daktari. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye kigimbi, hasa kwa anayetumia tamoxifen, dawa ya kuzuia homoni, inaweza kuwa damu iliyoganda, na hapo usinyooshe wala kukanda, nenda hospitali.

Saratani ikiwa imefika kwenye mifupa

Hapa mwongozo wa kusoma peke yako hautoshi. Mazoezi bado yanaruhusiwa kwa wengi, lakini ni lazima mtaalamu ajue ni mfupa upi ulioathirika ili uzito usielekezwe hapo. Aliyeathirika uti wa mgongo ajiepushe na kuinama akiwa na mzigo, kujipinda kwa nguvu, kuruka, na kubeba kitu kichwani. Maumivu mapya ya mgongo yanayozidi usiku, miguu kulegea, au kushindwa kuzuia mkojo ni dharura ya saa hiyohiyo.

Chakula

Misuli haijengwi na uji mweupe na chai. Mwenye kilo 60 anahitaji zaidi ya gramu 60 za protini kwa siku, na mapendekezo ya lishe kwa wagonjwa wa saratani hufika gramu 1.5 kwa kila kilo ya mwili. Dagaa, mayai, maharage, kunde, choroko, karanga, maziwa na samaki vinatosha kulifikia lengo hilo kama vitaonekana katika kila mlo badala ya mlo mmoja wa jioni. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza.

Ukikatizwa, na baada ya wiki 12

Utakatizwa. Kutakuwa na msiba, safari, malaria, au wiki ambayo dripu imekuangusha. Ukikosa wiki moja, rudi na uzito uleule kwa seti moja. Ukikosa wiki mbili au tatu, punguza uzito wa mkono uliotibiwa kwa nusu na upande tena kwa kanuni ileile. Ukikosa mwezi au zaidi, mkono huo uanze upya na chupa ya nusu lita, hata kama unajiona una nguvu, kwa kuwa misuli hukumbuka haraka lakini njia za limfu hazijazoea mzigo. Miguu inaweza kurudi kwenye theluthi mbili za uzito wake.

Mwishoni mwa wiki ya 12 rudia vipimo vyote vinne vya daftari. Uchovu ukiwa umeshuka kwa pointi mbili, na idadi ya kuinuka kwenye kiti imepanda, mpango unafanya kazi. Endelea na mara mbili kwa wiki, kwa sababu faida hupotea mazoezi yakiachwa, na sasa unaweza kushuka hadi marudio 8 au 10 kwa uzito mkubwa zaidi ili kujenga nguvu. Nguvu ikiwa imepanda lakini uchovu umebaki palepale, ongeza matembezi ya dakika 30 mara tatu kwa wiki na urudi kliniki damu, tezi na usingizi vichunguzwe tena. Vyote viwili visipobadilika, angalia kwanza uzito: mara nyingi mtu amebaki na chupa ileile tangu wiki ya pili.